Mchezaji na Waliomlea

Msomaji, mchezaji wa mpira akitenda ovu uwanjani hukumu yake haichelewi. Watazamaji humzomea, magazeti humwandika, chama cha mpira humtoza faini, na kila mtu hurudi kwake ameridhika kwamba mwenye kosa amepatikana. Insha hii imekusudia kuitia shaka hukumu hiyo. Sisemi kwamba mchezaji hana kosa. Miguu ni yake na akili ni yake, na teke alilopiga hakupigiwa na mtu mwingine. Nasema kwamba tabia yake ina historia, na katika historia hiyo wamo watu wazima ambao majina yao hayaandikwi katika magazeti: waliomfundisha alipokuwa mtoto, waliomwajiri alipokuwa kijana, na waliomkwepa mshahara ulipochelewa.

Bonde la Ufa la kati ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa mpira hapa si mgeni. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanzishwa mwaka wa 1963, bingwa wake wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alitoka Nakuru. Nakuru All Stars, timu ambayo jina lake lenyewe lilitangaza kuwa ni mkusanyiko wa nyota, ilichukua ubingwa mwaka huo, ikauchukua tena mwaka wa 1969. Miaka mingi baadaye timu ya Oserian, ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa mara mbili mfululizo, mwaka wa 2001 na 2002. Nayo timu ya jeshi, Ulinzi Stars, ambayo kwa miaka mingi ilifanya makao yake Nakuru na kuchezea katika uwanja wa Afraha, ina ubingwa wa 2003, 2004, 2005 na 2010. Hesabu mwenyewe: ni vikombe vinane. Iko miji mikubwa zaidi katika Afrika Mashariki isiyoweza kujivunia hesabu hiyo.

Walakini kikombe ni chombo cha bati. Uzito wake hujulikana kwa kile kinachobaki kikishawekwa kabatini, na hapa ndipo fahari yetu inapoanza kupungua. All Stars ya zamani ilififia. Jina lake lilifufuliwa, na timu yenye jina hilo ikaonekana tena katika Ligi Kuu mwaka wa 2015, ila ilishuka mwisho wa msimu ule ule. Timu ya Oserian haimo tena katika ligi. Ilipanda kwa nguvu ya kampuni, na timu iliyosimama juu ya mgongo wa kampuni moja haina miguu yake yenyewe. Maua ya Naivasha yangali yanasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, lakini ubingwa ule wa miaka miwili ni hadithi wanayosimuliana wazee wa mitaa ya wafanyakazi kando ya ziwa.

Iliyodumu ni Ulinzi, na yafaa tuulize kwa nini. Mchezaji wa Ulinzi ni askari. Mshahara wake hautegemei idadi ya watu walioingia langoni Jumamosi. Akiumia ana hospitali, na magoti yakichoka ana kazi ya kurudia. Watu husema kwamba utaratibu wa timu hiyo unatokana na gwaride na hofu ya mkubwa. Mimi nadhani hofu ni sehemu ndogo. Mtu anayejua kwamba mwisho wa mwezi atalipwa, na kwamba baada ya mpira kuna maisha, ana kitu cha kupoteza. Na mwenye kitu cha kupoteza hujizuia bila kuambiwa. Hata hivyo jeshi haliwezi kuwa jibu la mji mzima. Kazi yake ni kuchukua vijana waliokwisha kukomaa. Halimlei mtoto wa miaka kumi na miwili wa Bondeni au Kaptembwo, wala halikuundwa kwa kazi hiyo. Basi mtoto huyo analelewa na nani?

Analelewa na shule, mahali unapopajua wewe vizuri kuliko niwezavyo kukueleza. Mashindano ya shule za sekondari ni kitalu kikubwa cha mpira wa Kenya. Yanaanzia kaunti ndogo, yanapanda hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa, na walioshinda huenda kupambana na shule za nchi jirani. Sheria inataka mchezaji awe mwanafunzi wa kweli wa shule ile na asiwe amevuka umri uliowekwa. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo kila mwanafunzi wa Kenya amepata kulisikia: mamluki. Kamusi itakwambia kwamba mamluki ni askari wa kukodiwa, anayepigana kwa ajili ya fedha wala si kwa ajili ya nchi yake. Viwanja vyetu vimelipa neno hilo maana ya pili, yaani mtu asiye mwanafunzi, au aliyekwisha kupita umri, aliyevishwa fulana ya shule ili ailetee shule kikombe.

Tumtazame mamluki huyu kwa makini, kwa maana aghalabu hutazamwa kwa kicheko. Yamkini ana miaka 22. Alimaliza shule zamani, au hakuimaliza kwa kukosa karo, na sasa huchezea timu ya mtaa na kubeba mizigo sokoni. Siku moja anatembelewa na mwalimu. Anaahidiwa chakula, kitanda, viatu vya mpira, na pengine nafasi ya kurudia kidato cha tatu bila malipo. Anapewa jina ambalo si lake au umri ambao si wake. Kijana masikini akipewa ahadi kama hiyo, mimi siwezi kumlaumu sana. Lakini angalia somo alilopewa pamoja na chakula. Amefunzwa na mtu mzima, mwenye shahada na heshima, kwamba jina ni vazi la kuvaliwa na kuvuliwa, na kwamba karatasi yenye mhuri yaweza kusema uongo ikiwa mwenye mhuri anataka kushinda.

Nilipata kutazama mchezo mmoja upande wa Njoro kati ya shule mbili ambazo sitazitaja. Mlinzi wa kati wa upande mmoja alikuwa mtu wa ndevu zilizonyolewa asubuhi ile. Wapinzani walilalamika, mwamuzi akamwita kando na kumwuliza jina la mwalimu wake wa darasa. Swali dogo kama hilo! Kijana aligeuka akatazama benchi ili aambiwe. Umati ulicheka, na mchezo ukaendelea, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa sawa. Sikucheka pamoja nao, maana kwenye benchi lile lile alikuwapo mvulana wa kidato cha pili, mlinzi wa kati kwa haki, aliyefanya mazoezi muhula mzima na sasa alikuwa akishika chupa za maji.

Huyo mvulana wa chupa ndiye anayesahauliwa katika kila uchunguzi. Mamluki akigunduliwa, shule huondolewa mashindanoni, mwalimu huonywa, magazeti huandika siku moja. Mvulana wa chupa hapati kikao cha kumsikiliza. Umri wa kati ya miaka 14 na 17 ni umri ambao mguu hujifunza mambo ambayo baadaye haujifunzi kwa urahisi, na miaka hiyo aliipitisha kando ya mstari. Nchi nzima hupoteza. Tunapojiuliza kwa nini timu zetu za vijana hutia fora nyumbani na kunyamaza zikifika mbali, jibu moja ni hili: hatukumchezesha kijana. Tulimchezesha mtu mzima kwa jina la kijana, na mtu mzima huyo hana mahali pa kukulia tena. Ulimwengu wa mpira wenyewe uliacha kuamini karatasi. Mwaka wa 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, shirikisho la FIFA lilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku, kwa sababu mfupa hausomi barua ya mwalimu mkuu.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba haya ni makosa madogo ya michezo ya shule, na kwamba mtu huyaacha akishakuwa mchezaji wa kulipwa. Mimi nasema ni ngazi moja, na aliyepanda kidato chake cha kwanza yuko karibu na cha pili. Tutazame jirani zetu wa Kericho. Mwaka wa 2017 timu ya Zoo ya mji huo ilipanda hadi Ligi Kuu, na watu wa nchi ya majani ya chai wakapata kuziona timu kubwa zikija kucheza kwao. Lilikuwa jambo la fahari. Mwaka wa 2021 FIFA ikaifukuza timu hiyo katika Ligi Kuu kwa kosa la kupanga matokeo ya michezo. Sina haki ya kusema kwamba wachezaji wake walitoka shule zenye mamluki, wala sisemi. Ninalotaka kulipima ni mazingira ambamo kosa la namna hiyo humea.

Kupanga matokeo ni biashara ya watu wanaocheza kamari. Mchezaji haombwi auze timu nzima. Huombwa jambo dogo: bao moja lipite kabla ya mapumziko, au beki mmoja ateleze mahali palipo pakavu. Anayeomba huja na fedha mkononi, na huja wakati anaoujua. Naye anaujua vizuri. Mwaka wa 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa Ligi Kuu, iliacha udhamini wake baada ya mgogoro wake na serikali, na vilabu vingi vikabaki mikono mitupu. Mwaka huo huo timu ya kiwanda cha sukari cha SoNy, bingwa wa 2006, ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika katika michezo yake. Mfikirie mchezaji wa wakati ule. Ana mke na mtoto, kodi ya nyumba ya miezi mitatu haijalipwa, na viongozi wa timu hawapokei simu. Mtu mmoja anamkaribia na bahasha. Anachoombwa si kitu kipya kwake ikiwa alipitia mikono ya mwalimu wa mamluki. Ni lile lile somo la kwanza: kuonyesha mbele ya watu kitu kisicho cha kweli, kwa malipo.

Jambo jingine latupasa kuliona. Ligi yetu ilikuwa ikidhaminiwa na kamari kabla ya kuharibiwa na kamari. Mtu akinilisha mchana na kuniibia usiku, nitamwita nani? Na hili si la Kenya peke yake. Tangu mwaka wa 2017 jina la kampuni hiyo hiyo ya Kenya lilivaliwa kifuani na klabu ya Everton ya Uingereza. Hivyo kijana wa Nakuru aliyeingia katika kibanda cha kutazamia mpira siku ya Jumamosi aliona mchezo wa Kiingereza, jina la Kikenya, na ndani ya mfuko wake ile orodha ya ubashiri ambayo vijana huiita mkeka. Vikombe vinavyotajwa katika vibanda hivyo si vya Afraha. Mpira wa Uingereza umekuwa shule ya pili ya watoto wetu, nao huitazama kwa jicho la mwenye dau. Wanajua nani alifunga, wala hawajui nani alilea.

Kwa sababu hiyo nataka kuusimulia msimu mmoja wa mpira huo, si kwa sababu Waingereza ni malaika, bali kwa sababu katika msimu huo mambo matatu ya insha hii, yaani tabia, uongozi na malezi, yalikutana katika klabu moja. Tarehe 25 Januari, 1995, Manchester United ilikuwa ikicheza na Crystal Palace huko London. Eric Cantona, Mfaransa, mchezaji wake bora, alitolewa kwa kadi nyekundu. Akiwa njiani kutoka alitukanwa na mtazamaji mmoja, naye akamrukia kwa teke na kumpiga ngumi. Kitendo hicho hakina utetezi. Klabu ilimsimamisha yenyewe hadi mwisho wa msimu, kisha chama cha mpira kikaurefusha muda hadi mwisho wa Septemba. Mahakama ilimhukumu kifungo cha majuma mawili. Alipokata rufani, hukumu ikageuzwa kuwa saa 120 za kuitumikia jamii, na utumishi wenyewe ulikuwa kuwafundisha watoto mpira.

Walio wengi walidhani ametoweka. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kuondoka Uingereza. Meneja wake, Alex Ferguson, mtu aliyejulikana kwa ukali wa maneno, alimfuata hadi Ufaransa kumshawishi arudi. Angalia vizuri, msomaji, mahali uongozi uliposimama. Klabu ilimwadhibu mapema kuliko chama, haikumficha na haikumkana. Adhabu na matunzo vilitoka katika mkono mmoja. Hapa kwetu mikono hiyo ni miwili na haijuani: mchezaji nyota hafanywi lolote maadamu anafunga, na siku anapoacha kufunga hutupwa kwa kosa ambalo jana lilikuwa utani.

Katika majira hayo hayo ya joto ya 1995 Ferguson aliwaruhusu wachezaji watatu wakubwa waondoke, yaani Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, wala hakununua wakubwa wa kujaza nafasi zao. Alipandisha vijana waliolelewa na klabu: David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt, na ndugu wawili Gary na Phil Neville. Baadhi yao walikuwa wameshinda kombe la vijana la Uingereza mwaka wa 1992 chini ya kocha wao Eric Harrison, mtu ambaye watazamaji wa vibandani hawamjui hata kwa jina. Mchezo wa kwanza wa msimu walifungwa na Aston Villa mabao 3 kwa 1, na mchambuzi mmoja maarufu wa televisheni akasema kwamba kwa watoto mtu hashindi kitu. Cantona alirudi tarehe 1 Oktoba. Mei 1996 timu ile ya watoto na mkosaji mmoja ilikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA pia, na bao la pekee katika fainali ya kombe hilo lilifungwa na Cantona, akiwa nahodha siku hiyo.

Usidhani kwamba nakupa hadithi ya wema kulipwa. Klabu ile ilikuwa na fedha za kungojea, na Cantona alikuwa na kipaji ambacho mtu wa kawaida akikikosa hangojewi. Kuna beki wa timu ya chini ambaye kwa teke lile lile asingefuatwa hata hadi kituo cha basi. Tena malezi ya Kiingereza yana giza lake. Mwaka wa 2016 wachezaji wa zamani walijitokeza hadharani na kueleza maovu waliyotendewa walipokuwa watoto na baadhi ya wale waliokabidhiwa kuwalea. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2021 ulisema kwamba chama cha mpira cha Uingereza kilizembea kuwalinda watoto kuanzia Oktoba 1995 hadi Mei 2000. Yaani mwezi ule ule ambao dunia nzima ilikuwa ikimtazama Cantona akirudi, hapakuwa na jicho la kutosha kwa watoto. Na katika vyuo vya vilabu vyao mtoto aweza kuandikishwa kabla hajafikisha miaka 10, akaachwa akiwa na miaka 16 au 18 bila timu. Wanaofika juu ni wachache mno.

Kwa hiyo sishauri tuige Manchester. Tunao mfano wa karibu zaidi, saa chache tu kwa gari kutoka Nakuru. Mwaka wa 1987, katika mtaa wa Mathare, Nairobi, mtu mmoja wa Kanada aitwaye Bob Munro aliwasaidia watoto wa hapo kuunda chama cha michezo cha vijana, MYSA. Mtaa ulikuwa umejaa takataka na maji machafu. Chama kiliweka sheria ambayo hadi leo naiona kuwa ni ya akili kuliko sheria nyingi za mpira: timu ikitoka kusafisha mtaa hupata pointi, na pointi hizo huhesabiwa katika msimamo wa ligi pamoja na zile za ushindi. Timu yaweza kufungwa Jumamosi na kupanda Jumapili kwa koleo na toroli. Vijana wanaojitolea hupata pia msaada wa karo. Mwaka wa 1992 Umoja wa Mataifa uliitunuku MYSA kwa kazi yake ya mazingira. Mwaka wa 1994 iliundwa timu ya wakubwa, Mathare United, ambayo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2008. Kutoka mikono hiyo alitokea Dennis Oliech, na mwaka wa 2004, Kenya ilipokwenda Tunisia kwa Kombe la Mataifa ya Afrika na kuifunga Burkina Faso mabao 3 kwa 0, wachezaji kadhaa wa kikosi kile walikuwa wamepitia Mathare.

Tazama tofauti kati ya mtoto wa Mathare na mamluki wetu. Wote wawili ni masikini, wote wawili wana kipaji, na wote wawili wameahidiwa karo. Mmoja ameambiwa atalipiwa akiwa yeye mwenyewe na akiutumikia mtaa wake. Mwingine ameambiwa atalipiwa akikubali kuwa mtu mwingine. Kila mmoja atakwenda na somo lake hadi siku ya bahasha. Mathare nayo imepata misukosuko ya fedha na ya matokeo kama vilabu vingine, wala sheria ya usafi haimkingi mtu na kufungwa. Lakini mtoto aliyepita pale ameliona jambo moja kwa macho yake, kwamba watu wazima waweza kuhesabu kitu kingine zaidi ya mabao.

Mkenya aliyefika mbali katika mpira wa Uingereza, Victor Wanyama, yafaa atajwe hapa kwa ufupi. Katika msimu wa 2015/16 akiwa Southampton alipewa kadi nyekundu tatu. Wengi wetu tulisema amejiharibia. Kabla mwezi wa Juni 2016 haujakwisha, Tottenham ilimnunua, na meneja aliyemtaka, Mauricio Pochettino, alikuwa mtu aliyewahi kumfundisha na kumjua. Aliziona kadi tatu kama sisi tulivyoziona. Alichokuwa nacho zaidi yetu ni kumjua mchezaji mwenyewe kabla ya kadi.

Na viongozi wetu wakuu wa mpira, wao hupewa kadi na nani? Novemba 2021 serikali ilikiondoa madarakani chama cha mpira cha Kenya kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. FIFA ikajibu Februari 2022 kwa kuisimamisha Kenya, na adhabu hiyo haikuondolewa hadi Novemba. Kwa miezi tisa timu zetu zote, za wanaume, za wanawake na za vijana, zilizuiwa kushindana na mataifa mengine. Msichana wa miaka 17 ambaye mwaka huo ulikuwa ndio wake hakuwa ameiba shilingi. Wakubwa waliogombana wakapatana, na wengine wao wakaendelea kuketi katika viti vya heshima. Mwaka wa msichana yule haukurudi. Ukiyaweka hayo karibu na faini anayotozwa kijana kwa kumwita mwamuzi kipofu, utaona mizani yetu imeelemea wapi.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, na katika miaka hii uwanja wa Afraha umekuwa ukijengwa upya kwa gharama kubwa, kwa majukwaa makubwa kuliko yale ya zamani. Nimewasikia watu wakibishana juu ya idadi ya viti, juu ya taa, na juu ya timu kubwa zitakazokuja. Ni mabishano halali. Sijasikia bado mtu akiuliza ratiba ya uwanja huo itakuwaje kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, ni saa ngapi kati ya hizo zitakuwa za watoto wa chini ya miaka 14 wa Rhonda, Kivumbini na Bondeni, na ni nani atakayelipwa, kwa wakati, ili awe pale akiwangojea.